Moshi wa barabarani na moyo wako
Unaposubiri matatu Jogoo Road asubuhi, huenda ukadhani moshi unaovuta utakuletea kikohozi tu. La hasha! Chembechembe zake ndogo mno, ambazo upana wake haufikii sehemu moja kwa ishirini ya unywele, hupenya hadi ndani ya mapafu na nyingine huingia katika damu. Mishipa hukazana, presha hupanda, na damu huganda upesi. Donge likiziba mshipa unaolisha moyo, utapata mshtuko wa moyo. Mzee, au mgonjwa wa moyo au kisukari, yumo hatarini zaidi.

Leso puani haizuii chembe hizo. Afadhali usimame mbali na bomba la moshi, na mazoezi uyafanyie vichochoroni. Jiko la kuni au makaa nalo, lipikie nje. Kifua kikikubana ghafla, usingoje kukuche: tafuta gari likupeleke hospitalini.