Korea Kusini: Meza Moja, Vizazi Vitatu

Mkorea akikutana nawe mara ya kwanza, hachelewi kukuuliza umezaliwa mwaka gani. Mgeni hushtuka, hasa aliyelelewa akijua kwamba umri wa mtu mzima hauulizwi hovyo. Lakini muulizaji hana umbeya. Anataka kujua azungumze nawe vipi, maana Kikorea hakikuruhusu kumaliza sentensi bila kuamua kama unayesema naye ni mkubwa, mdogo au rika lako. Sisi wa shikamoo tunajiona tumeyazoea haya, ila shikamoo yetu ina nafasi: mtu akikuzidi miaka miwili mitatu mnamalizana kwa "mambo" na "poa". Kule mwaka mmoja unatosha. Aliyekutangulia mwaka mmoja chuoni ni kaka au dada, humwiti kwa jina tupu, naye ana wajibu wa kukuelekeza na mara nyingi kukulipia chakula.

Hesabu yenyewe ya umri ilikuwa kioja. Mtoto alihesabiwa ana mwaka mmoja tangu siku ya kuzaliwa, kisha taifa zima likaongezewa mwaka kila tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa Desemba 31 alikuwa na miaka miwili kesho yake asubuhi. Juni 2023 sheria iliiondoa hesabu hiyo katika mambo ya kiserikali, na Wakorea kwenye karatasi wakapungua mwaka mmoja au miwili kwa mkupuo. Mitaani wengi bado huhesabu kwa njia ya zamani, na ukijibu kwa kutaja mwaka uliozaliwa unaepuka mjadala.

Ukitaka kuona ukubwa na udogo ukifanya kazi, nenda jioni kwenye mkahawa wa nyama choma. Katikati ya meza pana jiko la mkaa au gesi na wavu juu yake. Nyama huletwa mbichi, mnaichoma wenyewe na kuikata kwa mkasi hapohapo motoni. Anayeshika koleo na mkasi ni mdogo kuliko wote, wala hatumwi, anajijua. Ndiye pia anayevuta droo iliyo ubavuni mwa meza na kugawa vijiko na vijiti vya chuma, ndiye anayemimina maji. Vibakuli vya vitoweo, kimchi ya kabichi iliyochachuka, mchicha uliotiwa ufuta na dagaa wakavu, hujaza meza yote, na vikiisha huongezwa bure. Hakuna anayeanza kabla mkubwa hajashika kijiko. Glasi ya mkubwa haiachwi tupu, na si yeye anayejimiminia: unammiminia kwa mikono miwili, au mkono wa kulia ukiwa umeushikilia kwa kushoto karibu na kiwiko. Mdogo akinywa pombe mbele yake hugeuza uso pembeni. Mimi pombe situmii, lakini hilo halikunitoa kwenye zamu ya kumimina.

Nyama inayotawala mikahawa hiyo ni ya nguruwe, kwa hiyo Waislamu wa Seoul hukimbilia Itaewon, ulipo msikiti mkuu wa jiji uliofunguliwa mwaka 1976 na mikahawa ya halali kuuzunguka.

Adabu hizi za mwendo wa kobe zinaishi katika nchi yenye papara kuliko zote nilizopata kuziona. Kando ya mto Han, katikati ya Seoul, unatandika mkeka, unaagiza kuku wa kukaanga kwa simu, na kijana wa pikipiki anakuletea hujamaliza hadithi. Haraka hiyo ina historia. Vita vya Korea vilivyoanza mwaka 1950 vilisimama Julai 1953 kwa makubaliano ya kusitisha mapigano, si kwa mkataba wa amani, na viliacha miji vifusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 pato la mtu mmoja halikufika dola 100 kwa mwaka. Wakorea walikwenda Ujerumani Magharibi kuchimba makaa ya mawe na kuuguza wagonjwa ili watume fedha nyumbani. Mwaka 1988 Seoul iliandaa Olimpiki, mwaka 1996 nchi ikaingia OECD, klabu ya matajiri. Leo abiria wa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ile tunayoiita mchongoko, amekaa ndani ya behewa la Hyundai Rotem, kampuni ya Korea, na Daraja la Tanzanite analovuka mkazi wa Dar lilijengwa kwa mkopo wa Korea.

Yote hayo yameingia ndani ya umri wa mtu mmoja. Naamini asiyeliweka hilo mbele hataielewa Korea. Mezani kwenye sikukuu ya mavuno ya Chuseok hukaa bibi aliyezaliwa katika njaa, baba aliyekua zama za viwanda na utawala wa kijeshi, na mjukuu ambaye hajui intaneti ya polepole ni kitu gani. Wanakula chungu kimoja, lakini kila mmoja amekulia nchi yake.

Bibi anakumbuka kwamba elimu ndiyo iliyoiokoa familia, na mjukuu ndiye anayelipa deni la kumbukumbu hiyo. Kila Novemba, Alhamisi moja, hufanyika mtihani wa kuingia vyuo vikuu. Siku hiyo ofisi na soko la hisa huchelewa kufunguliwa ili barabara ziwe wazi, polisi hubeba kwa pikipiki watahiniwa waliochelewa, na wakati wa kusikiliza maswali ya Kiingereza ndege haziruki wala hazitui nchi nzima kwa zaidi ya nusu saa. Kabla ya siku hiyo kuna miaka ya tuisheni. Seoul ilibidi iweke sheria kuwa vituo vya tuisheni vifungwe saa nne usiku. Nimewaona watoto wakimiminika mtaani saa hiyo, begi mgongoni, wakila tambi za kopo dukani kabla ya kurudi nyumbani.

Na bibi mwenyewe? Kwenye treni za chini ya ardhi ana viti vyake, ambavyo vijana hawavikalii hata behewa likishonana, na tangu afikishe miaka 65 halipi nauli. Heshima anayo. Fedha ndizo hana: takriban wazee wanne kati ya kumi ni maskini kwa kipimo cha nchi hiyo, kiwango cha juu kuliko cha nchi nyingine za OECD. Wengi akiba yao waliimaliza kusomesha. Alfajiri utamwona kikongwe akisukuma mkokoteni wa maboksi anayokwenda kuuza kwa kilo.

Watoto wenyewe wanaadimika. Mwaka 2023 wastani ulikuwa mtoto 0.72 kwa mwanamke mmoja, mdogo kuliko nchi yoyote duniani. Kuna shule za msingi vijijini zilizoandikisha darasa la kwanza mabibi walionyimwa shule walipokuwa wasichana, ili madarasa yasifungwe. Serikali imemwaga fedha nyingi kuhimiza uzazi. Wasichana niliosoma nao huko hawakuanza na fedha walipoeleza kwa nini hawataki watoto. Walianza na jikoni. Chuseok ile inayopendeza kwenye picha huandaliwa na wakwe wa kike, wanaokaanga tangu usiku kwa ajili ya tambiko la mababu wa mume, mababu ambao si wao. Mwaka 2022 kamati ya wanazuoni wa Konfusio ilitangaza kwamba vyakula tisa vinatosha tambikoni na vya kukaanga si lazima. Mama mmoja niliyemuuliza kuhusu tangazo hilo alisema amelisikia, na mama mkwe wake pia amelisikia, kisha akaongeza unga kwenye bakuli.