Ruzuku Bila Hati ya Shamba: Fedha za Uendelevu katika Nyika ya Buna

Ruzuku, kwa maana inayotumika katika sura hii, ni fedha ambazo serikali, shirika au mfuko humpa mzalishaji ili atekeleze jambo lililokubaliwa, bila ya kudaiwa azirudishe, ila kwa sharti kwamba jambo hilo lifanyike na lithibitike kuwa limefanyika. Kutodaiwa ndiko kunakoitenga ruzuku na mkopo, na sharti ndilo linaloitenga na sadaka. Inapotolewa kwa ajili ya uzalishaji endelevu, yaani uzalishaji usiomaliza leo udongo, maji au mimea ambayo itahitajika kesho, ruzuku hukusudiwa kuziba pengo linalojulikana na kila mkulima: gharama ya kuitunza ardhi humwangukia yeye mwaka huu, ilhali faida yake huja baada ya miaka mingi na mara nyingine huwafikia majirani kabla ya kumfikia yeye.

Namna ruzuku ya aina hii ilivyozoeleka duniani huonekana vizuri katika mashamba ya mnanaa ya Marekani, hasa katika majimbo ya Oregon, Washington na Idaho, ambako mmea huo hulimwa kwa ajili ya mafuta ya manukato, yaani mafuta mepesi yanayopatikana kwa kukeneka majani kwa mvuke na ambayo hutiwa katika dawa za meno na peremende. Mizizi ya mnanaa haiendi chini sana, kwa hiyo mmea unataka maji mara kwa mara. Tena unashambuliwa na ukungu wa Verticillium, ambao hukaa udongoni kwa miaka mingi hata baada ya shamba kung'olewa. Mkulima anayetaka kubadili mfumo wake wa umwagiliaji ili apunguze maji yanayopotea, au kusimamia mbolea yake kwa uangalifu zaidi, anaweza kuomba fedha katika mpango wa serikali kuu ulioanzishwa na sheria ya kilimo ya 1996, ambao kwa kawaida hulipa hadi asilimia 75 ya gharama, na hadi asilimia 90 kwa wakulima wanaoanza na wale wenye mapato madogo. Mkataba hutiwa saini, kazi hufanywa, mkaguzi hufika shambani kuitazama, na malipo kwa desturi hufuata baada ya hapo.

Utaratibu huo ni mzuri, lakini umejengwa juu ya mambo matatu yasiyotajwa kwa kuwa huko hayana haja ya kutajwa: shamba lina mpaka, mpaka una mwenyewe anayeweza kuweka saini, na mwenyewe huyo ana fedha au mkopo wa kutangulia kugharimia kazi kabla ya kulipwa.

Katika eneo la Buna, lililo kaskazini mwa Kaunti ya Wajir kwenye njia inayotoka mji wa Wajir kwenda Moyale, hakuna hata moja kati ya mambo hayo matatu linaloweza kuchukuliwa kuwa lipo. Kaunti ya Wajir inapata wastani wa takriban milimita 300 za mvua kwa mwaka, na mvua hizo hugawanyika katika misimu miwili, gu inayoanza Machi au Aprili na deyr inayoanza Oktoba, kila mmoja ukiwa na hiari ya kutokuja. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ilishindwa kwa mfululizo. Mnanaa unaweza kuoteshwa kwenye ndoo kando ya kisima kwa ajili ya chai, na hapo ndipo unapoishia. Hata hivyo, nyika hiyo ina mazao yake ya harufu, nayo hayamwagiliwi na mtu: ni utomvu wa miti ya ubani, manemane na hagar, pamoja na gundi ya mgunga, ambao Wajir, Mandera, Marsabit na Isiolo zimekuwa zikiutoa kwa soko la ndani na la nje kwa muda mrefu.

Mti wa ubani wa kaskazini mwa Kenya hujulikana kwa wanasayansi kama Boswellia neglecta, na manemane na hagar hutoka katika miti ya jamii ya Commiphora. Hagar, mbali na kuuzwa nje kwa ajili ya manukato, hutumiwa na wafugaji wenyewe kuwafukuzia mifugo kupe. Nchini Somalia na Ethiopia mti wa ubani huchanjwa, yaani gome lake hukwanguliwa kwa chombo chenye makali ili utomvu utoke. Kenya, kwa sehemu kubwa, wakusanyaji huokota kile kilichojitokeza chenyewe pale wadudu walipotoboa gome au tawi lilipojeruhiwa. Kazi hii hufanywa zaidi na wanawake na vijana wanaochunga, wakati wa kiangazi ambapo maziwa yamepungua. Tone lililokauka hung'olewa kwa vidole, likatiwa katika mkebe au mfuko, kisha nyumbani hutandazwa kivulini na kuchambuliwa: vipande safi upande mmoja, vilivyoshika maganda na mchanga upande mwingine. Mfanyabiashara hupima kwa kilo, na mara nyingi malipo huwa sukari na majani ya chai badala ya noti. Mahali ambapo mchambuaji mwangalifu na mzembe hulipwa sawa, hakuna anayejisumbua kuchambua.

Uendelevu katika mazao ya namna hii hauna uhusiano na mipira ya kumwagilia. Mambo yake ni kuacha miti ipumzike, kutokata matawi kwa ajili ya boma na makaa, na juu ya yote kuhakikisha kwamba miche michanga haimalizwi na mbuzi kabla haijaota urefu wa kujinusuru. Onyo limekwisha kutolewa na nchi jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu Boswellia papyrifera, mti unaotoa sehemu kubwa ya ubani wa Ethiopia na Sudani, ulikuta misitu yenye miti mizee tu isiyokuwa na vijana wa kuirithi, na ukakadiria kwamba uzalishaji utapungua kwa nusu katika muda wa miaka 20, sababu zikiwa uchanjaji wa kupita kiasi, moto na malisho yasiyodhibitiwa. Mti wa Buna una nafuu ya kutochanjwa sana, lakini swali la miche ni lile lile.

Hapa ndipo linapokuja suala la nani apewe ruzuku. Miti hiyo iko kwenye ardhi ya jamii, ambayo Katiba ya 2010 iliitambua kuwa aina ya tatu ya ardhi kando ya ardhi ya umma na ya binafsi, na ambayo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliiwekea utaratibu wa kusajiliwa. Kwa wafugaji Wasomali, ardhi hiyo hueleweka kwa jina la deegaan, eneo la malisho na maji ambalo wazee wake wanajulikana na matumizi yake hufuata msimu, na ambalo wageni huweza kuingia kwa ruhusa wakati wa shida. Mfadhili anayetafuta shamba la ekari kadhaa na jina la mtu mmoja atarudi Nairobi mikono mitupu, au, na hili ndilo baya zaidi, atampata mtu wa kuzungushia ua kipande cha malisho ya wote ili apate kustahili fedha.

Jibu bora zaidi lililowahi kujaribiwa katika eneo hili lilitoka katika Mfuko wa Mabadiliko ya Tabianchi wa Kaunti, mpango ulioanzia Isiolo na baadaye kupelekwa Wajir, Garissa, Makueni na Kitui chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, kwa fedha za Uingereza na Uswidi. Wajir ilipitisha sheria ya mfuko wake mwaka 2016 na kujifunga kuuwekea asilimia 2 ya bajeti ya maendeleo ya kaunti. Katika mfumo huo asilimia 70 ya fedha za mfuko huenda kwenye miradi inayochaguliwa na wadi, asilimia 20 kwenye miradi ya kaunti nzima, na asilimia 10 kwenye uendeshaji. Mpokeaji wa ruzuku, badala ya kuwa mkulima mwenye hati, ni kamati ya mipango ya wadi, ambayo wanachama wake huchaguliwa hadharani na wananchi, wanawake na vijana wakiwamo, na ambayo hukusanya maoni ya vijiji kabla ya kuandika pendekezo.

Pendekezo hilo hupimwa kwa vigezo ambavyo vinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna busara ambayo fomu nyingi za wafadhili hazina. Mradi ni lazima uwanufaishe watu wengi, uimarishe riziki zilizopo, na uongeze ustahimilivu, neno linalomaanisha uwezo wa jamii kupita katika ukame au mafuriko bila kupoteza kile inachotegemea kuishi. Zaidi ya hayo, unatakiwa ujenge maelewano baina ya watumiaji wa rasilimali na uwe umejadiliwa na wote wanaohusika. Katika nchi ambamo kisima kimoja kilichochimbwa mahali pasipofaa kimeweza kuanzisha ugomvi wa koo, kigezo cha maelewano si pambo la maneno.

Tangu Oktoba 2021, Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 150, mfumo huo umepanuliwa hadi nchi nzima kupitia mpango unaojulikana kwa kifupi cha FLLoCA, unaosimamiwa na Hazina ya Kitaifa na kuchangiwa pia na Ujerumani, Uswidi na Denmark. Kaunti hupata kwanza ruzuku ya kujenga taasisi, yaani sheria, kamati na watumishi, na zikitimiza masharti hupata ruzuku ya uwekezaji wenyewe. Msomaji atambue kwamba fedha za Benki ya Dunia katika mpango huu ni mkopo kwa Jamhuri ya Kenya: kinachofika wadini kwa jina la ruzuku ni deni la mlipa kodi, na kwa sababu hiyo kina haki ya kuulizwa maswali makali kuliko zawadi.

Swali la kwanza kati ya hayo ni kwa nini sehemu kubwa ya fedha hizi imeelekea kwenye maji. Mabwawa ya udongo, ambayo wenyeji huyaita silanga, matangi, ukarabati wa visima virefu na mabirika ya kunyweshea mifugo ndiyo yaliyopewa kipaumbele, na hakuna wa kuwalaumu wananchi kwa hilo, maana mwenye kiu haulizwi habari za ubani. Lakini maji yasiyo na mpango wa malisho huharibu kile yaliyokuja kukiokoa. Silanga mpya huita mifugo ya kila upande, mifugo hukaa muda mrefu kuliko ilivyozoea, na katika miaka michache eneo linaloizunguka hubaki vumbi, miche ya ubani na manemane ikiwa miongoni mwa mimea ya kwanza kutoweka. Sababu nyingine ya upendeleo huo haina uhusiano na kiu: silanga hupimwa, hupigwa picha na huzinduliwa na mheshimiwa, ilhali kupumzisha msitu kwa misimu minne ni kazi isiyokuwa na utepe wa kukatwa. Ruzuku hulipa kwa wepesi kile ambacho mkaguzi anaweza kukiona kwa ziara moja.

Dawa yake ipo ndani ya sheria zilizopo, bila ya kuunda mfuko mwingine. Kamati ya wadi inaweza kuandika katika pendekezo lile lile la maji kwamba silanga itafungwa wakati ambapo mvua imejaza madimbwi ya asili, kwamba sehemu fulani ya deegaan itapumzishwa kwa zamu, na kwamba walinzi wa malisho watalipwa posho katika muda wa mradi. Inaweza pia kuomba ghala dogo na mizani iliyopimwa rasmi, ili wanawake wanaokusanya utomvu wauze kwa daraja na kwa wingi badala ya kubadilishana kilo moja moja na sukari. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya imekusanya ujuzi wa miaka mingi kuhusu mazao haya, na maofisa wa kaunti hawana sababu ya kuanza upya.

Linalobaki ni saini. Chini ya Sheria ya 2016, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana kwa niaba ya jamii, na maana yake ni kwamba makubaliano yoyote ya muda mrefu kuhusu miti ya Buna, yale ya miaka kumi au ishirini ambayo mti wa ubani unayahitaji, yatatiwa saini na ofisi ambayo viongozi wake hubadilika kila baada ya uchaguzi. Kamati inayotaka ruzuku ya msitu na si ya silanga peke yake ingefaa ianze na daftari la wanajamii, kanuni za matumizi na ombi la usajili, kisha ndipo iandike bajeti.