Mtu si Namba

Waulizeni wazee wa Magoma, wilayani Korogwe, maana ya neno "manamba". Watawaambia kwamba ni mtu aliyeletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge.

Neno lenyewe latokana na namba. Mtu aliondoka kwao Kigoma, Songea au Ruanda-Urundi akiwa na jina alilopewa na baba yake, na pengine jina la ubatizo pia. Alipoandikishwa kazi, alipewa namba. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kutafuta wafanyakazi, iliyoitwa SILABU, nayo iliwakusanya watu katika majimbo ya mbali na kuwasafirisha hadi kwenye mkonge. Shambani mtu alipewa kipande cha siku 30. Siku asiyomaliza kipimo cha kazi yake haikuandikwa, na mshahara ulisubiri mpaka kipande kijae. Katika zama za wakoloni, kutoroka kabla ya muda wa mapatano kulikuwa kosa la kumpeleka mtu mahakamani.

Hatusemi kwamba manamba walikuwa watumwa. Utumwa ulikwisha kukomeshwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922, na wengi wao walirudi makwao na fedha zao. Lakini twajifunza jambo moja: mlango wa utumwa hufunguka mahali ambapo mtu yu mbali na ndugu zake, hajui hesabu ya ujira wake, na hana ruhusa ya kuondoka. Pingu na minyororo si lazima.

LEO MWAJIRI NI WEWE

Mambo yamegeuka. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani. Aliagiza miche kutoka Florida, huko Marekani, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilitoa katani karibu tani 230,000. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakawa pori. Tangu mwisho wa miaka ya 1990, wakulima wadogo walianza kukatiwa sehemu za mashamba ya zamani: Magoma, Hale, Ngombezi, Magunga na Mwelya. Wengine wana bustani za nyanya, mchicha na bilinganya. Basi mjukuu wa manamba naye leo aita vibarua. Pengine ndiye wewe unayesoma gazeti hili.

Natutoe mfano. Baba mmoja ana bustani ya nyanya karibu na mto, naye ataka mtu wa kumwagilia. Dalali amjia na kusema, "Mzee, ninaye kijana kutoka milimani, mpole, hana matata. Nipe elfu hamsini za nauli na usumbufu wangu." Baada ya siku tatu mtoto afika. Ana miaka 13, na shule ameiacha njiani. Alala stoo pamoja na mbolea na pampu ya dawa. Akiuliza habari ya mshahara, ajibiwa, "Tutaona tukishauza." Chakula ni deni. Sabuni ni deni. Siku aliyougua homa, dawa nayo ni deni, na ile elfu hamsini ya dalali pia amewekewa yeye. Haba na haba hujaza kibaba. Nyanya zauzwa, na mtoto aambiwa, "Bei ilikuwa mbaya mwaka huu, bado nakudai." Nauli hana, njia haijui, na simu hana. Aende wapi?

Ukimwuliza yule baba, atakujibu kwa moyo mweupe, "Mimi namlea kama mwanangu." Lakini asubuhi watoto wake wavaa sare na kwenda shule, na huyu abeba ndoo. Je, huyu ni mwana, au ni mtumwa?

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema umpe jembe ukamnyime ujira.

KAZI HUPITA MIKONO MINGI

Yuko na mwingine atakayesema, "Kwangu hakuna mtoto wa namna hiyo." Vema. Lakini samadi uliyonunua, nani aliipakia? Matenga yako yalisukwa na nani? Mkonge wako ulikatwa na vibarua walioletwa na msimamizi. Je, fedha uliyompa iliwafikia mikononi?

Katani yetu husokotwa kamba, na kamba huenda nchi za mbali. Mtu wa bustani huko Ulaya afunga mimea yake kwa kamba, wala hajui mkono uliokata jani. Kwa ajili hiyo, tangu mwaka 2015 sheria ya Uingereza yazitaka kampuni kubwa kutangaza kila mwaka zimefanya nini ili utumwa usiwemo katika kazi zao, wala katika kazi za wale wanaowauzia bidhaa. Sisi hatuna haja ya kungoja kuulizwa na mgeni.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, mjue mfanyakazi wako kwa jina, umri na wazazi wake. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14. Aliyefika 14 apewe kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia masomo. Pampu ya dawa si kazi nyepesi.

Pili, semeni ujira kabla ya jembe kugusa ardhi, tena mbele ya shahidi. Andikeni siku za kazi katika daftari mbili, moja yake na moja yako.

Tatu, fedha mpe mwenyewe mkononi, siku mliyopatana. Usimpe dalali. Gharama ya kumleta ni yako wewe uliyemwita.

Nne, usimfunge mtu kwa deni. Akitaka kwenda, mpe haki yake aende. Usimshikie kitambulisho wala simu.

Tano, nanyi wazazi, msimtoe mtoto kwa mtu msiyemjua kwa sababu ya maneno matamu. Sheria ya mwaka 2008 yaadhibu biashara ya kusafirisha watu, na haikubali udhuru kwamba mtoto mwenyewe alikubali. Mkiona jambo la namna hii, pelekeni habari kwa mwenyekiti wa kijiji, ofisi ya ustawi wa jamii au polisi.

Katekisimu yetu yahesabu kumdhulumu kibarua ujira wake kati ya dhambi zinazomlilia Mungu. Kila tarehe 8 Februari Kanisa lamkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyeibwa Sudani akiwa mtoto na kuuzwa mara kadhaa. Hofu ilikuwa kubwa hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. "Bakhita" ni jina alilopachikwa na waliomteka.

Basi leo jioni, kabla ya sala ya familia, baba na mama waulizane: yule anayemwagilia bustani yetu, jina lake nani, na twadaiwa naye kiasi gani? Wakishindwa kujibu, wamwendee kesho asubuhi wamwulize mwenyewe, nao waende na fedha yake.