Muziki Juu! Na Masikio Je?

Disko la kufunga muhula, harusi, mkesha wa kwaya, bendi iliyokuja wikiendi. Iwe Kasulu au Kibondo, siku ya pili sifa ni ile ile: "Jana muziki ulikuwa moto, mpaka bati lilitikisika!" Poa, muziki ni raha na hapa hakuna anayekukataza kucheza. Lakini hebu tujiulize: bati likitikisika ndiyo muziki umekuwa mzuri? Na sikio lako, ambalo ni laini kuliko bati, linapatwa na nini?

UKUBWA SIYO UZURI

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Maongezi ya kawaida ni kama desibeli 60. Mbele ya spika za disko au tamasha, sauti inaweza kufika 100 mpaka 110. Usidhani tofauti ni ndogo, maana desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Zikiongezeka 3 tu, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili. Zikiongezeka 10, inakuwa mara kumi. Kwa hiyo kutoka 90 kwenda 100 siyo "kuongeza kidogo", ni mara kumi!

Uzuri wa sauti ni habari nyingine. Sauti ikiwa nzuri unasikia gitaa ni gitaa, besi ni besi, na maneno ya mwimbaji unayashika bila kubahatisha. Amplifaya ina kikomo chake. Ukiifungua kupita kikomo hicho haitoi muziki zaidi, bali inayakata mawimbi ya sauti vichwa vyake. Hapo ndipo spika zinaanza kukoroma. Watu wanashangilia, kumbe mashine inalia kwa kuzidiwa.

Ukumbi nao una lake. Kumbi nyingi zina kuta za saruji, sakafu ya saruji na paa la bati. Vitu vigumu kama hivyo havimezi sauti, vinairudisha. Neno moja la mwimbaji linakufikia kutoka kwenye spika, halafu linakuja tena na tena kutoka ukutani. Maneno yanapandana, unabaki na mvumo tu. Usiku wa baridi madirisha yakifungwa, mvumo unazidi. DJ akiona watu hawasikii vizuri anafanyaje? Anaongeza sauti! Na mwangwi nao unaongezeka. Ni sawa na mboga iliyozidi chumvi, halafu mpishi anaongeza chumvi.

HATA WENYE MUZIKI WALIUMIA

Kwetu ukisema "panki" mtu anafikiria mtindo wa kunyoa nywele. Lakini panki ni muziki pia. Ulivuma katikati ya miaka ya 1970 huko New York na London, kwa bendi kama Ramones, Sex Pistols na The Clash: nyimbo fupi za haraka, magitaa yanayonguruma makusudi, na vijana waliobanana kwenye vilabu vidogo. Kule kunguruma siyo ubovu wa mashine, ni mtindo wenyewe, kama vile kayamba linavyotakiwa kuchakacha. Lakini sikio haliulizi kama ni mtindo au ni ubovu. Lenyewe linahesabu vitu viwili tu: nguvu ya sauti na muda.

Kathy Peck aliyajua haya kwa uchungu. Alikuwa mpiga besi na mwimbaji wa The Contractions, bendi ya panki ya wanawake kutoka San Francisco, Marekani. Katikati ya miaka ya 1980, baada ya kupiga kwenye onyesho kubwa mjini Oakland, masikio yake yalilia kwa siku kadhaa, na uwezo wake wa kusikia ukapungua. Mwaka 1988 yeye na daktari mmoja wakaanzisha shirika linaloitwa HEAR, la kuwafundisha wanamuziki na mashabiki kulinda masikio. Ona basi: hakuuchukia muziki, alitaka watu waendelee kuusikia.

NDANI YA SIKIO KUNA NINI?

Sauti ikiingia, hutikisa kiwambo cha sikio, kisha vifupa vitatu vidogo, halafu maji yaliyo kwenye kijumba kilichojiviringisha kama konokono. Humo ndani mna chembehai zenye vinyweleo, kama 16,000 hivi kwa kila sikio. Vinyweleo vikicheza, ujumbe unakwenda kwenye ubongo, nawe unasema, "Eh, wimbo huo!"

Fikiria majani uwanjani. Watu wachache wakipita yanalala, kesho yanainuka. Wakipita mamia kila siku, yanakufa na kubaki njia. Chembehai hizi ziko hivyo hivyo. Na zikifa haziwezi kuota upya. Kuku ana bahati kuliko wewe! Katika miaka ya 1980 watafiti waligundua kwamba zake huota tena. Za binadamu, hapana. Hakuna dawa ya hospitali wala ya mitishamba ya kuzirudisha.

Kelele hazikufanyi kiziwi siku moja. Kwa kawaida zinazotangulia kufa ni chembehai za sauti nyembamba. Na hizo ndizo zinazobeba herufi kama S, F, T na K. Irabu unaendelea kuzisikia vizuri tu. Sasa mwalimu akitamka neno, wewe unapata "...aa". Je, alisema saa, taa, kaa au faa? Unakisia. Katika imla unakosa, darasani unaitwa mzembe, kumbe tatizo liko sikioni. Wengine hubaki na mlio usiokoma, kama nyenje yuko kichwani, hata usiku wa kimya.

KIASI GANI KINATOSHA?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni 1 wenye miaka 12 hadi 35 wako hatarini kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa, kwenye kumbi na kwenye spika za masikioni. Mwongozo wake ni huu:

• Desibeli 80: saa 40 kwa wiki
• Desibeli 90: saa 4 kwa wiki
• Desibeli 100: dakika 20 tu kwa wiki!

Mwaka 2022 WHO ilitoa pia viwango kwa kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, na pawepo mahali pa kimya pa kupumzikia.

Huna kipimo? Tumia mdomo wako. Kama mwenzako amesimama mita moja tu na inabidi umpigie kelele ndipo akusikie, jua sauti imefika kiwango cha kuumiza. Na ukitoka nje masikio yanalia au unasikia kama umezibwa na pamba, hizo siyo dalili kwamba disko lilinoga. Sikio linalalamika. Hata likitulia kesho yake, huenda kuna kitu kimeshapotea.

SASA TUFANYEJE?

Wewe mchezaji. Sogea mbali na spika. Kwenye uwanja wa wazi, kila ukiuzidisha umbali mara mbili sauti inapungua kama desibeli 6. Yaani kutoka mita 2 kwenda mita 8, desibeli 12 zimeondoka na wimbo bado unausikia vizuri. Ndani ya ukumbi inapungua kidogo kuliko hivyo kwa sababu ya mwangwi, lakini bado inasaidia. Kila baada ya saa moja toka nje dakika 10, upumzishe masikio. Vizibo vya sponji wanavyotumia wafanyakazi viwandani vinapunguza sauti vizuri vikivaliwa sawasawa. Pamba kavu inasaidia kidogo mno, usiitegemee. Na usichokonoe sikio kwa njiti ya kiberiti hata kidogo!

Wewe DJ, fundi mitambo au kiongozi wa kwaya. Inua spika juu ya vichwa vya watu, ili wa mbele wasiumie na wa nyuma wasikie. Ukisikia zinakoroma, punguza. Fungua madirisha na utundike mapazia mazito ukutani, yatameza mwangwi. Maiki zikae nyuma ya spika, siyo mbele yake, zisije zikapiga mluzi. Kumbuka pia kwamba masikio yako huchoka: saa sita usiku unaona sauti ni ndogo, kumbe masikio yako ndiyo yamepungua. Weka alama mahali ulipoanzia, usiipite.

Na jirani je? Usiku hewa iliyo karibu na ardhi inapoa kuliko ya juu yake, na mawimbi ya sauti yanapinda kurudi chini. Ndiyo maana muziki wa usiku huvuka bonde zima. Huko ng'ambo kuna mgonjwa, kuna mtoto mchanga, na kuna mwenzako anayejiandaa na mtihani. Kanuni za kudhibiti kelele zipo Tanzania tangu 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Ukiamka sikio moja limeacha kusikia ghafla, usingoje lifunguke lenyewe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hali hiyo ina matibabu, lakini kila siku inayopita nafasi ya kupona inapungua. Mlio uliozidi siku moja au mbili nao upeleke kwa daktari.

JADILINI DARASANI

1. Katika disko au mkesha wenu wa mwisho, mliweza kuongea bila kupiga kelele?
2. Spika zilikaa wapi, na nani aliyekuwa karibu nazo kuliko wote? Mara nyingi ni watoto wadogo!
3. Nani shuleni kwenu ana mamlaka ya kumwambia DJ, "Punguza"? Kama hayupo, mchagueni kabla ya disko lijalo.