Kumtambua Mbu Kabla Hajaleta Maradhi: Kazi Kando ya Mto Tana

Mto Tana ukifurika, wakulima wa Kipokomo hutazamia rutuba katika mashamba yao, na wafugaji wa Kiorma hutazamia majani mabichi kwa ng'ombe wao. Lakini maji hayo hayo huamsha kiumbe kingine. Katika nyanda za huko wako mbu ambao mayai yao hukaa katika udongo mkavu, hata kwa miaka, yakingojea mafuriko. Maji yakituama juu yake, mayai huanguliwa, na baada ya siku chache mbu huruka makundi kwa makundi.

Watu wengi hudhani kwamba mbu wote ni mamoja. Sivyo. Anofelesi ndiye mwenye kueneza malaria. Yeye pamoja na Kuleksi hueneza minyoo ya matende katika sehemu za pwani. Na yule atokaye katika udongo uliofurika, aitwaye Aedesi, huweza kuleta Homa ya Bonde la Ufa, ambayo huharibu mimba za kondoo, mbuzi na ng'ombe, na kuua ndama na wana-kondoo. Binadamu naye huipata kwa kuumwa na mbu, au kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa. Katika mlipuko wa mwaka 2006 na 2007, ulioanzia upande wa Garissa na kufika Tana River, watu zaidi ya 150 walikufa katika Kenya.

Kwa hiyo ni lazima mbu wakusanywe na kutambuliwa. Hii ni kazi ambayo vijana wa vyuo huweza kujifunza wakati wa likizo, wakiongozwa na wataalamu. Jioni mitego yenye taa ndogo na feni hutundikwa karibu na nyumba na maboma ya mifugo. Kando yake huwekwa barafu kavu, ambayo hutoa hewa kama ile itokayo katika pumzi ya mnyama. Mbu hufuata hewa hiyo, na feni huwavuta ndani ya mfuko wa wavu. Mchana kijana huchota maji ya madimbwi kwa kata, akitafuta viluwiluwi.

Kila mfuko sharti uandikwe tarehe, mahali na namna ya mtego. Mbu wasio na maandishi hayo hawana faida, hata wakiwa elfu. Tena yapasa wawekwe katika baridi kali, kwa maana joto huharibu virusi vinavyotafutwa.

Katika maabara kila mbu hutazamwa kwa hadubini: mabaka ya mbawa, mistari ya miguu, na vipapasi vilivyo kando ya mrija wa kunyonyea. Jike la Anofelesi lina vipapasi virefu sawa na mrija wake. Vya Kuleksi na Aedesi ni vifupi. Wengine hufanana mno hata jicho haliwezi kuwatenga, ndipo hupimwa kwa njia za kikemia. Mwisho mbu wa aina moja na wa mahali pamoja huwekwa katika makundi madogo, wakasagwa na kupimwa kama wana virusi.

Kazi hii huchosha macho, lakini kosa moja huweza kuwapotosha wengi. Chanjo ya mifugo ipo, nayo yafaa itolewe mapema, kabla homa haijaenea. Atakayejua mapema ni yule aliyehesabu mbu kwa uaminifu.

Basi mwenye nyumba akiombwa ruhusa ya kutundika mtego, afadhali akubali, na awaonye watoto wasiuchezee. Akiona mifugo mingi inatupa mimba kwa pamoja, asichinje wala asiguse mizoga kwa mikono mitupu, bali apeleke habari upesi kwa mganga wa mifugo. Wazee walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Na mbu ni mdogo kuliko mwiba.