Ukarimu wa Bonde la Ruvuma Una Kanuni Zake

Anayetembea kwa miguu katika njia za mchanga za Msimbati na Kilambo, au zile zinazoteremka kutoka Newala kuelekea Mto Ruvuma, hukutana na watu asiowajua wanaomwelekeza njia, wanaomkaribisha kivulini na kumpa maji. Wasafiri husema watu wa Kusini wameumbwa wakarimu. Ni sifa njema, lakini inawapunja wenyeji, maana inawapokonya jambo walilolijenga wenyewe. Uwanda wa Makonde una shida ya maji. Vizazi kwa vizazi wakazi wa juu wameshuka mabondeni kuyachota, na katika safari za namna hiyo kila mtu ana siku yake ya kuwa mgeni. Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno ziliufanya mto kuwa mpaka, ilhali Wamakonde na Wamakua walikuwa, na wangali, ng'ambo zote mbili. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, maelfu walivuka kuja upande wa Tanzania wakapokelewa. Mahali penye historia hiyo, anayepiga hodi huenda akawa shemeji. Ndiyo maana salamu hufuatwa na maswali: umetoka wapi, unakwenda kwa nani? Kwa maswali hayo mgeni hutafutiwa nafasi yake. Mgeni huwategemea wenyeji hata anapowalipa: David Livingstone, aliyeshukia Mikindani mwaka 1866 baada ya kushindwa kupitisha msafara wake mlangoni mwa Ruvuma, alifyekewa njia na Wamakonde aliowaajiri. Jina lake limebaki Mikindani. Ya wafyekaji hao hayasikiki, na hilo linaniuma.

Wapo watakaosema kwamba zama hizo zimepita. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, walivamia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Baada ya msiba ule, nani amlaumu mwanakijiji anayemtazama mgeni kwa wasiwasi? Simlaumu. Lakini desturi yenyewe haijawahi kumtaka afumbe macho. Mgeni husalimu, hutaja kwao, kisha hupelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Mvamizi hafanyi lolote kati ya hayo. Kijiji kinachozungumza na wapita njia hujua mapema nani amepita, na kilichojifungia ndani hakijui. Hoja ya fedha ni nzito zaidi. Tangu mwaka 2000 vijiji kadhaa vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na watalii wanaweza kuifanya salamu kuwa bidhaa. Dawa yake ni kutenganisha kazi na ukarimu: nahodha na mwongoza njia walipwe ujira kamili, bila kupunjwa, aliyekupa maji arudishiwe shukrani na mazungumzo. Basi wewe unayepanga safari ya Mtwara, jifunze salamu kabla ya ramani, pita ofisi ya kijiji kabla ya ufukwe, na ukikaribishwa kuketi, usimwambie mwenyeji wako kwamba una haraka.