TELEVISHENI INA SAUTI LAKINI HAINA PICHA: USIITUPE



Watu wengi wa Nakivale na Bwizibwera wana televisheni bapa iliyopoteza picha ghafla. Sauti inasikika, rimoti inafanya kazi, lakini kioo ni cheusi. Wengine huiuza kwa bei ya vyuma chakavu wakidhani kioo kimekufa. Mara nyingi kioo ni kizima. Kilichoharibika ni taa zilizo nyuma yake, na hizo hubadilishwa.

KWA NINI TAA HUZIMIKA?

Kioo cha televisheni hizi hakitoi mwanga wake chenyewe. Huangazwa na mistari ya taa ndogo za LED. Taa hizo zimeungwa moja baada ya nyingine, kama shanga katika uzi. Moja ikikatika, umeme haupiti na mstari mzima huzimika. Televisheni nyingi zikihisi hivyo huzima na mistari mingine. Sababu kubwa ni joto, hasa pale mwanga unapowekwa juu kabisa kila siku.

PIMA KWANZA KWA TOCHI

1. Washa televisheni katika chumba chenye giza.
2. Mulika kioo kwa tochi kutoka karibu, kwa upande.
3. Ukiona picha hafifu inatembea, kioo ni kizima. Taa ndizo zimekufa. Usipoona kitu, huenda tatizo ni jingine. Mwonyeshe fundi.

HATARI!

Usiifungue kama hukufundishwa kazi hii. Umeme wa ukutani hapa Uganda ni volti 240. Kapasita kubwa iliyo ndani huweza kushika volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Televisheni ya sola ya volti 12 nayo isidharauliwe, kwa kuwa bodi yake huongeza volti ili kuwasha taa. Watoto wakae mbali.

KAZI YA FUNDI

Fundi achomoe plagi na apime kapasita kabla ya kugusa kitu. Kioo kiinuliwe na watu wawili. Tepe laini zilizo ukingoni mwa kioo zikichanika, kioo kimekwisha. Karatasi nyeupe za kusambaza mwanga zirudishwe kwa mpangilio ule ule.

Ni heri kubadilisha mistari yote pamoja, kwani taa zilizobaki zimezeeka sawa na ile iliyokufa. Fundi akiiruka taa mbovu kwa kipande cha waya, picha huweza kurudi, lakini mahali pale patabaki na kivuli, na baada ya muda mfupi taa nyingine huweza kufuata. Ukilipia kazi ya namna hiyo, ujue unalipia ya muda.

KABLA YA KWENDA MJINI MBARARA

Usipoteze nauli mara mbili. Andika:
- jina na namba ya modeli iliyo nyuma ya televisheni;
- namba iliyochapwa kwenye mstari wa taa;
- urefu wa mstari na idadi ya taa zake;
- volti ya taa moja, yaani 3 au 6. Taa za volti 6 hazifai mahali pa taa za volti 3.

Ikiwezekana, beba mstari wa zamani ulinganishe dukani. Patana bei na fundi kabla hajafungua, na umwombe akurudishie taa za zamani.

ILI ISIHARIBIKE TENA

Ingia kwenye mipangilio ya picha, upunguze mwanga wa taa za nyuma hadi nusu. Usiku unatosha kabisa. Usifunike televisheni kwa kitambaa ikiwa imewaka, wala usiibane ukutani. Wenye mabanda ya video wazingatie zaidi, maana televisheni zao huwaka kutwa nzima na ndizo riziki yao.

Ukishasoma, msomee na jirani asiyejua kusoma.